WinDirStat kwa kupanga upya mafolda ya kampuni: naipa nyota nne

Kama seva ya kampuni yenu ina folda ndani ya folda ndani ya folda na hakuna anayejua kitu gani kiko wapi, anzeni na programu hii kabla hamjahamisha hata faili moja. Ni ya bure, ni ya Windows, unaichagulia draivu unaiacha isome, ikimaliza inakupa mti wa mafolda na picha ya viboksi vya rangi, kila kiboksi ni faili na ukubwa wake ndo ukubwa wa faili. Ukibofya kiboksi, mti unafunguka wenyewe mpaka kwenye hiyo faili hata ikiwa imezama ngazi kumi chini, aisee hapo ndo nilipoipendea!

Sasa angalizo, imetengenezwa kwa ajili ya kutafuta nafasi kwenye diski, kwa hiyo video moja inajaza skrini halafu folda ya mikataba yenye maelfu ya vifaili vidogo inaonekana kama nukta, na mikataba ndo muhimu. Msiishie kwenye picha, angalieni safu ya idadi ya mafaili na ya tarehe ya mwisho kubadilishwa, mafolda yaliyokufa yanajionyesha hapo.

Mkitaka ramani ya kuprinti kwa ajili ya kikao, tumieni amri ya tree iliyomo humohumo Windows, fungueni Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwenye folda husika, andikeni tree /a > ramani.txt, inatoa majina ya mafolda tu bila mafaili. Na majina yafupisheni mapema, maana programu nyingi za Windows bado zinagoma njia ya faili (yaani majina yote kuanzia draivu, folda kwa folda, mpaka faili lenyewe) ikizidi herufi 260.