Trekta kuukuu: Massey 35, 135 au 240, na kigia kidogo cha kuchunguza kabla hujalipa

Malalamiko yamezidi. Tangu watu waanze kujiandaa na msimu, ujumbe ninaopokea ni wa walionunua matrekta ya Massey Ferguson, "135 za mwisho mwisho" na "35X orijino" ambazo si za mwisho wala si orijino. Msomaji mmoja wa Mbulu kanitumia picha ya trekta lake jipya: boneti jekundu linang'aa, nembo ya 35X ubavuni, na chini ya boneti injini ya dizeli yenye nozeli nne. Nozeli nne! Kila silinda ina nozeli yake moja ya kuingizia dizeli, na dizeli ya 35X ni ya silinda tatu. Nembo hiyo inauzwa dukani kama kibandiko kingine chochote.

Kwa hiyo leo napanga matrekta haya madogo, la kwanza hadi la mwisho. Habari za tairi, moshi na oili inayovuja sizigusi, maana fundi yeyote wa mtaani atakuonyesha. Na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Massey, hivyo anayetafuta mizani isiyoegemea popote atafute kwingine.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopigwa. Ferguson 35 ilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1956, bati za kijivu na injini yenye rangi ya dhahabu. Mwishoni mwa 1957 ikawa Massey Ferguson 35, bati nyekundu na injini ya kijivu. Dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard, silinda nne, mbishi kuwaka asubuhi ya baridi. Mwaka 1959 Massey Ferguson waliinunua Perkins, kampuni ya injini, na 35 ikaanza kufungwa Perkins ya silinda tatu, ile 3.152. Mwishoni mwa 1962 ikaja 35X yenye nguvu zaidi, na mwishoni mwa 1964 ikazinduliwa 135.

Hivyo kwa 35 usihangaike na rangi. Hesabu mabomba membamba ya dizeli yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Yakiwa matatu, endelea kuongea bei. Yakiwa manne, labda uwe na fundi mzee anayeipenda injini hiyo na anayejua spea zake zinapatikana wapi.

Kwa 135, watu hutazama ekseli ya mbele. Za mwanzo ekseli imepinda kurudi nyuma, za baadaye imenyooka. Ni dalili nzuri, ila ekseli hufunguliwa kwa spana ikahamishiwa trekta jingine, sawa na madigadi na boneti. Mimi huanza na namba. Zile za Uingereza zenye namba ya trekta kuanzia 400001 kwenda juu ni za miaka ya 1970, baada ya maboresho. Kisha hamia kwenye namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Injini za zamani za 135 huanza na 152UA. Mwaka 1974 Perkins walibadili mtindo, na herufi ya mwisho ikawa ya mwaka: A ni 1974, B ni 1975, hivyo hivyo kuendelea. Ukiambiwa trekta ni la 1967 na namba ya injini inaishia na B, ujue injini ilibadilishwa. Si dhambi, huenda hata ikawa heri kwako, lakini bei ya "halijawahi kuguswa" ifutwe hapo hapo.

Sasa kile ambacho matangazo hayakitaji. Kwenye dashibodi ya baadhi ya 35X na 135 kuna kigia kidogo cha Multi-Power, chenye High (ya kasi) na Low (ya polepole). Unakipandisha au kukishusha trekta likiwa kazini bila kukanyaga klachi, na gia sita za mbele zinageuka kumi na mbili. Dalali hukitaja kama pambo la bibi harusi. Asichokitaja ni kwamba kwenye Low injini haiyazuii magurudumu. Inayasukuma tu, na yakitaka kuipita yanaipita. Uko kwenye mteremko wa Lushoto, tela limejaa mahindi, gia ya kwanza imeingia, umeachia mafuta, na trekta linashuka kama umeweka fri. Umebaki na breki peke yake, na breki za trekta la umri huo unazijua.

Kuna zaidi. High inashikwa na klachi inayobanwa kwa presha ya oili kutoka kwenye pampu. Ukizima injini presha inaisha, mfumo unarudi Low wenyewe. Kwa hiyo kuegesha ukiwa umeacha gia, pua ikitazama bondeni, hakukusaidii chochote. Breki ya mkono ishike na tairi liwekewe jiwe. Na betri ikifa, vijana wasukume mpaka jioni: magurudumu yatazunguka, injini haitastuka. Nani kati yetu mwenye betri inayostahili kuaminiwa mwezi wa Novemba?

Lijaribu kabla ya kulipa. Tafuta mteremko mpole, bila tela, weka gia ndogo na Low, achia mafuta. Kisha liendeshe mpaka oili ipate joto ndipo uweke High likiwa na mzigo. Likisuasua au likigoma kupanda, hapo ni kufungua gia boksi, na gharama si ya mchezo. Kagua pia kama dashibodi ina tundu lililozibwa: wapo wanaong'oa kigia na kuacha mfumo wote ndani.

Baada ya hayo, ya kwanza kwangu ni 135 ya miaka ya 1970 isiyo na Multi-Power, hasa yenye gia nane. Ni injini inayonyunyiziwa dizeli moja kwa moja ndani ya silinda, nguvu za farasi 45 hivi, na pistoni, ringi na laina za 3.152 utazikuta hata kwenye miji midogo. Ya pili ni 240, iliyokuja mwaka 1979 na kuendelea kuundwa Pakistan na kampuni ya Millat, injini ya ukoo ule ule. Ningeipa nafasi ya kwanza kama wauzaji wasingeipandisha bei kwa neno "mpya mpya" kila walipopiga rangi. Ya tatu ni 35 ya silinda tatu, kwa shamba dogo na plau ya diski mbili. 135 yenye Multi-Power naiweka ya nne, na iwe kwa wa tambarare: Kilombero sawa, Njombe hapana.

Ford 3000 ni chuma kizuri, wanaoipenda wataniandikia. Pawatila ni ya mpunga, basi.

Kinachonichosha ni hawa wa "bei njoo inboksi". Trekta lina miaka hamsini, picha tisa zote za upande wenye jua, hakuna hata moja ya namba. Ukiuliza bei, unaulizwa uko wapi. Ukisema uko Dar, bei inapanda. Ukisema umetumwa na mjomba aliyeko Uingereza, inapanda tena, na safari hii inatajwa kwa dola. Nyekundu mbichi imepakwa mpaka juu ya bomba za haidroliki, na hiyo rangi umewekewa wewe kwenye hesabu. Rangi hailimi. Omba picha ya namba ya injini, ya nozeli na ya dashibodi nzima kabla ya kutuma hata nauli ya fundi. Akikujibu kwamba namba imeliwa na kutu, muulize kutu hiyo ilichaguaje sehemu moja tu ya bloku.