Nepi za kitambaa kwa bajeti finyu: ya mraba au ya mfuko?

Katika vitu vyote vinavyonunuliwa kabla mtoto hajazaliwa, nepi ndiyo inayokula pesa bila kupumzika. Beseni hununuliwa mara moja na limekwisha. Nepi ni kila siku. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku katika wiki za mwanzo. Piga hesabu ya nepi 10 kwa siku mwezi wa kwanza, 8 mpaka miezi sita, kisha 6 mpaka atimize mwaka: unapata takribani nepi 2,600 za kutupa, na mwaka wa pili bado haujaanza. Kwa hiyo mwenye bajeti finyu aanze kubana hapa, kwenye nepi za kitambaa. Tatizo ni kwamba si kila nepi ya kitambaa inaokoa pesa. Ile inayotangazwa zaidi, ya mfuko (kifuniko chenye mfuko ndani unaoingizwa pedi ya kunyonya), yenye rangi nzuri na vifungo vya kubonyeza, siyo ninayoipendekeza kwa anayehesabu kila shilingi. Ninayoipendekeza ni ya zamani kuliko zote: kipande cha mraba cha pamba na kifuniko kisichopitisha maji juu yake.

Nepi ya mraba ni kitambaa cha tabaka moja, kwa kawaida kama sentimita 70 kwa 70. Ile ya taulo huwa ndogo kidogo, kama 60 kwa 60. Haina lastiki, haina kifungo, haina utando wa kuzuia maji. Nguvu yake inatokana na kukunjwa. Kikunje nusu, kisha nusu tena, unapata mraba wa sentimita 35 wenye tabaka nne. Ukunje huo mara tatu kwa upana, unapata pedi ya sentimita 35 kwa 12 hivi yenye tabaka 12. Pedi hiyo inanyonya mkojo wa kutosha kabisa, na ukiifua inafunguka na kuwa tabaka moja tena. Hapo ndipo inapoishinda nepi ya mfuko. Sabuni inafika kila mahali, maji ya kusuuzia yanapita, na jua linakausha kwa muda mfupi. Pedi ya nepi ya mfuko imeshonwa tabaka nne au tano pamoja. Katikati yake huweza kubaki sabuni na mkojo hata baada ya kufuliwa kwa nguvu, na siku ya mawingu haikauki mpaka jioni. Kitu kisichokauka kinakulazimisha ununue vingine vingi zaidi, na hesabu ya kuokoa pesa inaharibika.

Nepi ya mfuko ina kasoro nyingine tatu ambazo wauzaji hawazisemi. Kwanza, ile inayoitwa ya saizi moja kwa watoto wote haimkai mtoto mchanga. Hata ukibonyeza vifungo vyote vya kupunguza urefu, mtoto wa kilo 3 ana mapaja membamba, pengo linabaki, na kinyesi chepesi cha maziwa kinapita hapo moja kwa moja. Watoto wengi huanza kuijaza vizuri wakikaribia kilo 5. Pili, pedi nyingi za bei nafuu ni za maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za plastiki. Maikrofaiba hunyonya haraka, lakini ikikandamizwa hutoa tena ilichonyonya, kwa hiyo mtoto akibebwa mgongoni au akikaa, mkojo unatokea mapajani. Isitumike pia ikiwa imegusa ngozi, maana inaikausha na kuichubua. Ndiyo sababu inafichwa ndani ya mfuko. Tatu, mfuko na kifuniko ni kitu kimoja: lastiki ya paja ikilegea, vyote viwili vimekwisha na inabaki pedi tu. Kwa nepi ya mraba, kifuniko kikichoka unabadilisha kifuniko tu, na kitambaa kinaendelea na kazi mpaka mtoto wa pili, kisha kinakuwa kitambaa cha kufutia meza.

Nepi ya mfuko ina sifa zake. Yeyote anaweza kumvalisha mtoto bila kufundishwa, na usiku unaweza kuongeza pedi ya pili ya pamba ndani. Kama mtoto atakuwa anaachwa na mtu asiyejua kukunja, nunua tatu au nne za namna hiyo kwa ajili ya saa hizo, ukianza baada ya mwezi wa pili. Kuhusu ile ya tabaka zilizoshonwa tayari, ya mstatili yenye katikati nene, iko katikati ya hizi mbili kwa kila kitu: rahisi kukunja kuliko ya mraba, nzito kukauka, na saizi yake hupitwa na mtoto.

Sasa idadi. Mtoto akitumia nepi 10 kwa siku na wewe ukifua kila baada ya siku mbili, unahitaji 20, na 4 za akiba wakati nyingine ziko kambani. Jumla 24. Vifuniko visivyopitisha maji vinatosha vitano, viwili kati yake vikiwa vya saizi ya mtoto mchanga. Kifuniko hakifuliwi kila mara: kikiwa kimelowa mkojo tu, kifute, kianike, vaa kingine, kisha kirudie. Kikiguswa na kinyesi, kinaingia kwenye nguo za kufua. Ongeza pini nne za nepi zenye kichwa cha kujifunga, ndoo yenye mfuniko unaobana, na vipande 20 vya pamba vya sentimita 25 kwa 25 vya kumfutia mtoto kwa maji. Hivyo vipande vinafuliwa pamoja na nepi, na vinaondoa kabisa haja ya kununua vitambaa vyenye unyevu vya paketi.

Kama hata hizo 24 hazinunuliki, kata fulana kuukuu za pamba za watu wazima. Fulana kubwa inatoa mraba wa karibu sentimita 70, na kwa kuwa kitambaa chake ni cha kuvutika, hakichomoki nyuzi, hivyo hakihitaji kushonwa pindo. Shuka kuukuu la flaneli linafaa pia, ila hilo lipigwe pindo. Soma lebo kwanza. Fulana yenye poliesta nyingi hainyonyi, mkojo unateleza juu yake. Ukosefu wa lebo usikuzuie: mwagia tone la maji, likizama mara moja kitambaa kinafaa, likibaki limejikusanya juu hakifai.

Jaribio hilohilo la tone lifanye kwa nepi mpya. Pamba mpya, hasa ile ambayo haijang'arishwa na bado ina rangi ya krimu, ina mafuta yake ya asili yanayofukuza maji. Ifue kwa maji moto na sabuni mara tatu au zaidi, ukiikausha kila mara, kabla mtoto hajazaliwa. Wengi wanaolalamika kwamba nepi ya kitambaa inavuja siku ya kwanza wameruka hatua hii.

Kukunja kwa pini kunaogopesha wengi, na hakuna haja. Tandaza kitambaa kikiwa kimekaa kama almasi, pembe moja ikikuelekea. Kwa mtoto mchanga, kwanza punguza mraba kwa kukunja pande mbili zinazopakana, ibaki kama sentimita 50. Leta pembe ya kushoto na ya kulia mpaka zikutane katikati, upate umbo la kishada. Kunja pembe ya juu ishuke, upate ukingo ulionyooka: huo ndio utakaokaa mgongoni, usawa wa kiuno. Pembe ya chini ikunje kuelekea juu kadiri ya urefu wa mtoto. Mlaze, pitisha sehemu ya chini katikati ya miguu, leta mabawa mawili mbele, choma pini moja kila upande ikilala mlalo. Vidole vyako vya mkono mwingine viwe kati ya pini na ngozi ya mtoto wakati wote. Pini ikigoma kupita, ichome kwanza kwenye kipande cha sabuni kikavu.

Mpaka kitovu kitakapodondoka, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili, ukingo wa mbele ukunjwe ukae chini ya kitovu ili kipate hewa na kisiloweshwe. Usibane miguu ikanyooka: mapaja yaweze kukunjika na kutanuka yenyewe, maana nyonga za mtoto bado ni laini. Kifuniko kifunike pamba yote. Ukingo wowote wa pamba unaochungulia nje, hata upana wa kidole, utavuta mkojo mpaka kwenye nguo. Asilimia kubwa ya uvujaji inaanzia hapo, kwa hiyo pitisha kidole kuzunguka kila paja kabla ya kumfunika.

Kinyesi cha siku za mwanzo ni cheusi na kinanata vibaya, na huisha ndani ya siku tatu au nne. Kwa siku hizo tumia vipande vya fulana unavyoweza kuvitupa, na umpake mtoto mafuta kidogo sana matakoni ili kisigande. Ila mafuta mazito ni adui wa nepi ya kitambaa. Mafuta ya mgando na krimu ya zinki hung'ang'ania kwenye nyuzi na kuzifanya zisinyonye. Ukilazimika kupaka kwa sababu ya upele, weka kipande chembamba cha pamba kati ya ngozi na nepi.

Kufua ndipo watu wanapokata tamaa, na karibu kila mara ni kwa kukosea mpangilio. Kinyesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee huyeyuka kwenye maji. Cha anayepewa maziwa ya kopo au chakula lazima kikwanguliwe chooni kwanza. Suuza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa. Weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Usiloweke siku nzima: maji machafu yanazalisha harufu, na ndoo yenye maji ni hatari ya kuzama kwa mtoto mwingine anayetambaa nyumbani. Siku ya kufua, anza na maji baridi na sabuni kidogo, mwaga, kisha fua kwa maji ya moto kadiri mikono inavyostahimili, au nyuzijoto 60 kwenye mashine. Suuza mpaka maji yasitoe povu. Vifuniko vitenge, vifuliwe kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 40, vianikwe kivulini, visipigwe pasi wala kutiwa klorini, maana utando wake utabanduka. Nepi zenyewe zianikwe juani, na jua hilo litafuta madoa ya manjano bila gharama. Mahali penye inzi wanaotaga kwenye nguo mbichi zilizo nje, ziache zikauke kabisa kisha zipige pasi ya moto pande zote.

Dawa ya kulainisha nguo usiitumie hata tone. Inaacha mafuta kwenye nyuzi, na nepi inaanza kufukuza maji. Nepi ikinuka mkojo mkali mara tu mtoto anapokojoa, ujue haikufuliwa au haikusuuzwa vya kutosha: ongeza sabuni kwenye ufuaji wa moto na usuuze zaidi. Ikikakamaa baada ya kukauka, isugue kati ya mikono, italainika.

Wanaonunua mitumba au kupokea za ndugu wana nafasi nzuri, kwa sharti la kukagua. Vuta lastiki ya kifuniko na uiachie: isiporudi haraka, iache. Kielekeze kwenye mwanga na utazame upande wa ndani. Utando wenye mapovu au mipasuko utavuja. Velkro (mkanda wa kubandika na kubandua) iliyojaa nyuzi inasafishika kwa sindano, iliyokwisha meno haisafishiki. Na nepi au nguo yoyote iliyohifadhiwa na vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo isimguse mtoto mchanga kabla ya kufuliwa vizuri na kupigwa jua mpaka harufu iishe kabisa. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjikiwa chembe hizo kwa naftalini na kupata manjano kali, na mara nyingi hakuna anayejua kama mtoto ana upungufu huo. Jambo hili lina uzito kuliko senti zote zilizookolewa.

Faida moja haionekani kwenye bei. Nepi ya pamba inakuonyesha wazi mtoto amekojoa mara ngapi. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Zikipungua, mpeleke kwa mhudumu wa afya bila kusubiri.

Pasipo maji ya kutosha, nisingeshauri kutegemea kitambaa peke yake. Nepi iliyosuuzwa nusunusu inaleta vipele, na maji ya kununua yanaweza kumaliza akiba yote. Hapo changanya: kitambaa mchana, ya kutupa usiku. Na popote ulipo, usinunue seti nzima kwa mara moja. Nunua miraba 12 na vifuniko viwili vya saizi ndogo mwezi wa saba wa ujauzito, vifue na ukunje, kisha ongeza zilizobaki baada ya mtoto kupimwa uzito.