Mapango ya Amboni, Tanga: ziara nzuri kwa anayejua pa kumulika tochi

Kati ya mapango kumi ya Amboni, wageni huingizwa katika moja tu, na hilo moja linatosha kumwonyesha mtu jinsi maji yanavyochonga jiwe la chokaa na kisha kulijenga upya. Tunaipa ziara hii nyota nne kati ya tano.

Mapango yako Kiomoni, kama kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara ya Horohoro iendayo Mombasa. Bajaji au bodaboda kutoka mjini inafaa kuliko daladala, maana daladala itakushusha barabara kuu na safari itabaki. Ndani huingii bila mwongozaji, na ni vizuri iwe hivyo: njia zinagawanyika, na mahali pengine unapita umeinama au unatambaa.

Sehemu kubwa ya ziara ni maumbo ya jiwe yanayofanana na vitu: mamba, meli, Mlima Kilimanjaro. Yanapendeza, hasa kwa watoto. Ila ukiishia hapo utakuwa umeona nusu. Mwombe mwongozaji asimame kidogo, nawe mulika dari.

Jiwe lenyewe lilitokana na matope na masalia ya viumbe wa baharini yaliyotuama enzi ya Jurasi, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Pango ni changa mno kuliko jiwe lake, na umri wa vitu hivi viwili huchanganywa sana. Mvua ikinyesha hubeba hewa ukaa kidogo tu kutoka angani, ambako ni kama asilimia 0.04. Hewa ukaa ikiyeyuka majini hutoa asidi, na sehemu kubwa yake hupatikana kwenye udongo: mizizi na vijidudu hupumua humo, na hewa ukaa yaweza kuwa mara kumi hadi mara mia ya ile ya juu. Maji yakipita hapo huwa na asidi dhaifu, ileile iliyomo kwenye soda, na hiyo ndiyo huyeyusha chokaa. Huanzia kwenye ufa mwembamba kama unywele. Kwa maelfu ya miaka hakuna cha kuona. Ufa ukishafikia upana wa kama sentimita 1, maji hupita kwa kasi na msukosuko, na kuchonga kunaongezeka ghafla.

Kwa hiyo ukiona dari lenye mashimo ya mviringo kama chungu kilichofunikwa, ujue mahali hapo palijaa maji mpaka juu, yakila jiwe pande zote kwa pamoja. Kiwango cha maji ya ardhini kiliposhuka, hewa ikaingia. Ukikuta ukutani vibonyeo vilivyopangana kama alama za kijiko kwenye ugali, vitazame kwa karibu: vikiwa vidogo maji yalikwenda kasi, vikiwa vipana yalikwenda polepole, na upande wenye mwinuko mkali ndiko maji yalikotoka. Tochi iliyomulika kwa ubavu huvionyesha vizuri kuliko ya kumulika uso kwa uso.

Hatua ya pili ni ya kujenga. Wengi huambiwa kwamba stalaktiti, zile zinazoning'inia, hutokea maji yakikauka. Sivyo hasa. Ndani kabisa ya pango hewa ina unyevu mwingi mno na maji hayakauki kwa urahisi. Tone likitokeza darini hupoteza hewa ukaa, kama chupa ya soda iliyofunguliwa, halafu chokaa haina tena cha kuishikilia, inaganda. Huanza kama mrija mwembamba, upana wa tone, kama milimita 5. Tone likidondoka hutapakaa sakafuni, ndiyo maana stalagmiti inayokua kutoka chini ni nene na ina kichwa butu. Zikikutana huwa nguzo. Pale maji yanapoteleza kwenye dari lililoinama hujenga pazia.

Ukuaji wa kawaida ni kama milimita 0.1 kwa mwaka, basi sentimita 10 ni miaka elfu moja. Ncha yenye maji yanayong'aa bado inakua, usiishike kabisa. Mafuta ya mkononi huzuia maji kushikamana na jiwe, nayo huacha weusi usiotoka. Masizi ya mishumaa na mienge hufanya vivyo hivyo.

Hadithi ya njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa au Kilimanjaro utaisikia. Uchunguzi wa wataalamu wa Kijerumani na Kituruki mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote ni mita 900. Na Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Maji hayachimbi pango la namna hii kwenye jiwe la aina hiyo. Sadaka utakazoziona ni jambo jingine: watu huja kuomba hapo, pita kwa heshima na usiguse kitu.

Vaa viatu vyenye soli ya kung'ata. Wakati wa masika sakafu huteleza vibaya. Tochi iwe ya kichwani, maana mikono utaihitaji, na ya simu ni hafifu isitoshe humaliza chaji. Usivae nguo unayoionea huruma. Kinyesi cha popo kina harufu kali, na vumbi lake laweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu: usilitimue kwa miguu, na mwenye pumu avae barakoa. Ndani kuna joto na jasho, kwa kuwa hewa ya pango hukaribia wastani wa joto la mwaka wa mahali lilipo, na Tanga si baridi. Beba maji ya kunywa.

Nyota moja tumeizuia kwa sababu njia ya wageni ni fupi: anayetaka kuona mto ukiendelea kuchonga chini kwa chini hatauona hapa. Nenda saa kumi jioni, utoke pangoni kabla ya magharibi, kisha usubiri nje popo watoke.