Luwombo ya Naluwerere: madereva, kaleni hapa

Madereva wenzangu wa trela, Naluwerere mnaijua, pale Bugiri, mashariki mwa Uganda, tunapolaza magari tukitoka Malaba kwenda Kampala. Chakula kilichozoeleka pale ni chipsi, kuku wa kukaanga na chapati zinazong'aa mafuta. Lakini nyuma ya gesti kuna mama anayepika luwombo, na nawaomba mkale kwake.

Jani la mgomba hulipitisha kwanza juu ya moto lilainike, kisha hufungia humo kuku, nyanya, kitunguu na karanga za kusaga. Kifurushi huiva kwa mvuke mpaka nyama iachane na mfupa. Hakuna karai wala tone la mafuta ya kupikia. Yaliyomo ni ya karanga na ya kuku mwenyewe, na ngozi anaiondoa ukimwomba. Kando anakuwekea matoke na nakati, mboga ya majani. Likifunguliwa jani, harufu yake inatosha kukushibisha.

Nalisisitiza hili kwa sababu kazi yetu ni ya kukaa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, na usukani haumalizi nguvu yote hiyo. Ziada hujikusanya tumboni na kwenye ini. Ini lililojaa mafuta halitii tena ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari: huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata ukiwa hujala, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Kongosho likichoka, kisukari kimeingia, na hakikubisha hodi. Mimi nilipimwa kabla ya kula, trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, zikazidi kikomo cha 150 (mg/dL), nami sikuwa nasikia maumivu yoyote! Aina ya mafuta nayo ina uzito wake. Samli na mawese hupandisha kolesteroli mbaya. Ya karanga na simsim ni afadhali kwa mishipa.

Kasoro? Anapakua mno. Karanga nazo zina kalori nyingi, kwa hiyo mwambie apunguze mchuzi na matoke, aongeze nakati. Chapati zake za asubuhi zinaogelea mafuta kama za jirani zake. Afadhali katogo ya maharage, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na maharage. Bei ni shilingi 15,000 za Uganda, juu kuliko chipsi, nami nailipa kwa moyo mweupe.

Fika kabla ya saa saba mchana. Luwombo ikiisha hubaki posho (ugali) na maharage, navyo ni vitamu.