Mikeka ya Lamu: tuanze Dubai ama Ujerumani?
Kama mna kikundi cha wamama wanashona mikeka hapa Lamu na mnataka kuuza nje, Dubai ni rahisi kuanza, ushuru wa kawaida ni 5% tu, watu wetu wamejaa huko na mkeka wanaujua. Shida ni bei, utawekwa rafu moja na mikeka ya plastiki alafu uambiwe punguza.

Ujerumani ushuru sufuri, ule mkataba wa Kenya na Ulaya ulianza Julai 2024, ila lazima uwe na karatasi za kuthibitisha mali imetoka Kenya, na VAT yao 19% iko palepale. Na kule wanapima! Ukiandika sentimita 180 usilete 174, ukili (ule utepe uliosukwa) ushonwe sawa mpaka pembeni, rangi isichuje.

Mi ningeenda Ujerumani, oda ndogo, duka moja kwanza.