OpenRefine katika Kulinganisha Majina ya Watu
OpenRefine ni programu ya bure inayomfaa sana anayeoanisha orodha za watu kutoka vyanzo mbalimbali, kwa kuwa hukusanya majina yanayokaribiana na kumwachia mtumiaji uamuzi wa kuyaunganisha. Uamuzi huo usifanywe kwa haraka. Mbinu yake ya msingi hupuuza herufi kubwa na alama, hupanga maneno kwa alfabeti na kufuta yaliyojirudia. Kwa hiyo Juma Ali, mwanawe Ali Juma na mjukuu Juma Ali Juma, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, wote huangukia kundi moja, ilhali Mohamed na Muhamadi hutenganishwa. Kwa kusafisha tahajia naipendekeza kwa dhati, ila kabla ya kuunganisha watu ni lazima kutazama tarehe ya kuzaliwa na jina la mama.