Sola ya nyumbani Kinangop: paneli mbili, betri moja, na mitambo ya upepo ambayo haikujengwa

Naulizwa sana kama sola inafaa huku kwetu Kinangop, kaunti ya Nyandarua, penye baridi na ukungu. Inafaa, mradi ujue itakupa nini na itakunyima nini. Yangu ni paneli mbili za wati 200 kila moja, betri ya lithiamu ya volti 24 yenye ampea-saa 100, na inveta ya wati 1,500, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Ukijumlisha nyaya, swichi, vyuma vya kufungia paneli juu ya mabati na kazi ya fundi, nilitoa karibu shilingi 130,000, nyingi zikiwa pesa za viazi na zilizopungua nikakopa kwenye sacco. Betri na inveta zilitoka Luthuli Avenue, Nairobi. Paneli nilinunua Naivasha, maana sikutaka kioo kisafiri mbali juu ya matatu.

Kazi inayofanya ni hii. Taa zote za nyumba, jikoni na za nje. Televisheni, redio, simu za watu wote, kompyuta ya binti yangu anayesomea ualimu. Kubwa kuliko vyote kwangu ni taa ya zizini, kwa sababu hukamua saa kumi na moja alfajiri, na gari la maziwa halimsubiri mtu. Aliyewahi kukamua huku akishika tochi kwa meno anajua ninachosema. Taa ya wati 9 imebadilisha asubuhi zangu: naona kiwele, naona kama kuna uvimbe, naona maziwa yalivyo kabla hayajaingia mkebeni.

Stima ya nguzo ninayo pia, na sijaikata. Hilo nalisisitiza kwa sababu wauzaji wengi wa sola huongea kana kwamba siku ukifunga paneli ndiyo siku ya kuagana na nguzo. Mashine yangu ya kukata majani ya ng'ombe ina mota ya nguvu farasi tatu. Hiyo ni zaidi ya wati 2,000 ikiwa imeshazunguka, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Inveta yangu haiwezi kuigusa. Pasi na birika la umeme pia nimeviacha kwenye stima. Mtu akikuambia kifurushi cha bei hii kitaendesha kila kitu shambani, muulize wati ngapi, na akuonyeshe hesabu.

Sasa nije kwenye suala la Julai. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali, kioo cha inveta hunionyesha karibu uniti (kilowati-saa) moja na nusu kwa siku, mara nyingine zaidi. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua ukakaa hadi alasiri, na kuna siku hata nusu uniti haipatikani. Siku hizo televisheni huzimwa, taa za nje huzimwa, ila ya zizini hubaki. Nyumba haijawahi kukaa gizani, lakini tunapima. Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya Kinangop, Njabini au Ol Kalou asipige hesabu kwa jua la Machakos. Ongeza paneli kabla ya kuongeza betri, maana betri kubwa isiyojaa ni pesa iliyolala.

Fundi wetu alifanya mambo mawili ambayo nayashukuru. Betri aliiweka ndani ya nyumba, akakataa stoo. Asubuhi za jalidi huku nyasi huwa nyeupe, na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imeshuka chini ya nyuzi sifuri. Pili, alipanda juu ya paa saa tatu asubuhi na akarudi tena saa tisa kuangalia kivuli cha misaiprasi ya jirani kinaangukia wapi. Kivuli kikigusa kona tu ya paneli, umeme hupungua kuliko ukubwa wa kile kivuli. Aliziinamisha kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta kwa kipande kidogo tu, na ule mwinamo unasaidia mvua kuosha vumbi. Kabla ya yote alinionyesha leseni yake ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Leseni hizo zina madaraja, T1 ya mifumo midogo kabisa na T3 ya ile mikubwa na ya mseto. Iombe uione. Fundi mwenyewe hatakasirika.

Siwezi kusifu paneli za juu ya paa Kinangop nikanyamaza kuhusu upepo. Hapa palikuwa pajengwe mitambo 38 ya kuzalisha umeme kwa upepo, megawati 60.8, na Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kwamba mradi hautaendelea. Mwaka mmoja kabla ya hapo mtu mmoja alipoteza maisha katika makabiliano ya waandamanaji na polisi. Tangu hapo kuna watu wa Nairobi wanaotuita wapinga maendeleo, na kuna wenzetu huku wanaosema, kila mtu na paneli yake, mitambo mikubwa ya nini. Sikubaliani na yeyote kati yao.

Ardhi hii ilitoka mikononi mwa Wamaasai kwa mikataba ya wakoloni, ikawa ya walowezi, na wakati wa uhuru ikagawiwa katika mashamba ya makazi. Wazazi wetu hawakupewa bure. Waliilipia kwa mkopo, miaka na miaka, kwa maziwa na pareto. Mtu aliyelelewa na mzazi wa namna hiyo, ukimletea karatasi ya kukodi kipande cha shamba kwa miongo kadhaa, atauliza maswali mengi. Je, nguzo ya mtambo ikisimama kwangu nitalipwa, na jirani ambaye kivuli na mlio vinamfikia atalipwa nini? Nitaruhusiwa kujenga umbali gani? Hati yangu inabaki na nani? Majibu yalipochelewa, uvumi ukachukua nafasi: maradhi, mimba kuharibika, watu kuhamishwa. Mengi ya hayo siyaamini. Lakini naelewa yalipata wapi nafasi ya kukaa. Wapenzi wa ndege nao walikuwa na hoja nzito, maana nyasi za Kinangop ndizo makao makuu ya ndege mmoja mdogo wa manjano anayeitwa Sharpe's longclaw, ambaye yuko Kenya peke yake, na mashamba yetu ya viazi yamekwisha kumbana.

Tazama yaliyotokea kwingine. Kule Marsabit, mradi wa Lake Turkana umesimamisha mitambo 365 yenye megawati 310, na unaingiza umeme kwenye gridi ya taifa kupitia laini ndefu hadi Suswa. Ni kazi kubwa, na ninawasha taa kwa umeme wake pia. Lakini Oktoba 2021 mahakama ya ardhi Meru iliamua kwamba hati za ile ardhi hazikutolewa kwa kufuata sheria, kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi ilifunguliwa na wafugaji ambao hakuna aliyewauliza mapema. Kule Kipeto, Kajiado, mitambo 60 inazunguka na megawati 100 zinatoka. Pale wenye mashamba walikodisha wenyewe, na mfuko wa jamii ukapewa hisa asilimia 5. Upepo ni uleule, na nguzo zina urefu wa kutisha vilevile. Kilichotofautiana ni nani aliketi mezani kabla ya simenti kumwagwa.

Kwa hiyo nasema wazi: ningependa mradi wa upepo urudi Kinangop, kwa masharti ya aina ya Kipeto au bora zaidi. Paneli zangu haziwezi kupoza maziwa ya chama cha ushirika. Haziwezi kuendesha kinu cha kusaga mahindi pale sokoni Engineer wala mashine za hospitali. Na jua likizama kazi yao imekwisha hadi kesho, ilhali upepo wa Marsabit unavuma usiku kucha. Sola ya nyumbani ni kwa ajili ya nyumba. Anayeitumia kama hoja ya kukataa kila mtambo anamnyima umeme jirani asiye na 130,000.

Jirani huyo ndiye anayenunua vifurushi vidogo vya lipa mdogo mdogo, na navyo nimeviona kwa karibu kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa nacho. Paneli ndogo, taa tatu au nne, redio, chaja ya simu. Unaweka kianzio, kisha unalipa kila siku kwa M-Pesa. Kwa mtu aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa chupa, ni nafuu ya kweli, na moshi umekwisha ndani ya nyumba. Ila siku usipolipa, taa zinajifunga zenyewe, hata kama jua limewaka mchana kutwa. Msimu bei ya viazi iliposhuka, mama alirudia koroboi huku paneli iko juu ya paa. Jumla aliyoimaliza kulipa ilikuwa mbali sana na bei ya taslimu, na mkataba ulikuwa kwa Kiingereza ambacho yeye hasomi. Ukimnunulia mzazi, keti naye, piga jumla yote hadi shilingi ya mwisho, na umweleze kabla hajaweka kidole gumba. Ndilo jambo lile lile tulilolidai kwa kampuni ya upepo.

Nikitoa alama, mfumo wangu naupa nane kwa kumi. Mbili nimezipunguza kwa ajili ya feni ya inveta, ambayo ina kelele usiku kama chumba cha kulala kiko karibu, na kwa ajili ya dhamana. Betri imeandikwa miaka mitano, lakini muuzaji anataka uirudishe mwenyewe hadi dukani Nairobi, nayo ni nzito. Weka risiti vizuri, zipige picha, maana wino wake hufutika. Mwenye ng'ombe wawili watatu na watoto wa shule, na stima inayopotea kila mvua ikinyesha, anunue bila wasiwasi. Mwenye kuchomelea vyuma au kukata majani kwa mota asinunue wa ukubwa huu. Mimi kabla ya Julai ijayo naongeza paneli ya tatu. Inveta inaikubali, fundi ameshapima nafasi juu ya paa la jikoni, na kinachosubiriwa ni viazi vya msimu huu tu.